Kumpeleka Kijana Kazini Si Kumfundisha Kazi

Hotuba hii ilitolewa kwenye mkutano wa wazazi, walimu na waajiri. Inawekwa hapa nzima kwa ajili ya ambao hawakuweza kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.

Waheshimiwa wazazi, walimu wenzangu, waajiri mlioacha shughuli zenu kuja kutusikiliza, na nyinyi vijana mliojibana kule nyuma kana kwamba mkutano huu hauwahusu: itifaki imezingatiwa. Hamjambo?

Nimeombwa nizungumzie mafunzo kazini kwa wanafunzi wa sekondari. Nitaanza kwa kuungama.

Nilipokabidhiwa kazi hii ya uratibu, mwanafunzi wa kwanza niliyempatia nafasi alikuwa kijana mmoja mwenye akili nyepesi na mdomo mzito. Nilimhangaikia. Nilipiga simu, niliandika barua, nilikaa kwenye mabenchi ya mapokezi mpaka walinzi wakanizoea. Hatimaye ofisi moja ikakubali. Wiki sita. Kila Ijumaa kijana anasaini daftari, msimamizi anasaini, mimi nasaini. Wiki sita zilipokwisha nikaandika kwenye ripoti: "Amekamilisha." Nikapongezwa mbele ya walimu wote, na siku hiyo nilitembea kifua mbele.

Kisha nikamwita pembeni. "Mwanangu, umejifunza nini?"

Akafikiri. Hakuwa mtu wa kusema uongo. Akaniambia, "Mwalimu, nimejifunza kutoa nakala pande mbili za karatasi."

Wiki sita, ndugu zangu. Pande mbili za karatasi.

Nani alaumiwe hapo? Nyumbani walitaka kuilaumu ile ofisi. Mimi nilijua ukweli. Ofisi ile haikumtendea ubaya. Hawakumtukana, hawakumchelewesha, walimsalimia kila asubuhi. Tatizo ni kwamba nilipompeleka sikusema amekuja kujifunza nini. Nilisema, "Nina kijana, naomba mnisaidie." Wakanisaidia. Walinishikia kijana wangu kwa wiki sita kama mtu anavyoshikiwa mzigo stendi, kisha wakanirudishia salama, hana hata mkwaruzo.

Kumpeleka kijana kazini si kumfundisha kazi. Nitalirudia hilo mpaka mnichoke.

Kabla sijaendelea, niseme kidogo juu ya jina. Wataalamu wanauita mpango huu elimu ya ushirikiano. Mara ya kwanza nilipolitamka jina hilo mbele ya watu, mzee mmoja aliinua mkono akauliza hisa zinauzwa lini. Alisikia "ushirika". Tukacheka, lakini baadaye nikaona mzee yule hakuwa mbali na ukweli. Ushirikiano huu una wanahisa watatu: shule, mwajiri na mwanafunzi. Mmoja asipoweka hisa yake, chama hakipo. Kinabaki kibandiko mlangoni.

Wazo lenyewe lilitoka wapi? Wengi hufikiri ni jambo la juzi, limekuja na kompyuta. Lina zaidi ya miaka 100. Mhandisi mmoja, Herman Schneider, alikuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Lehigh, Marekani. Aliwachunguza wahitimu wake na kuona kwamba wengi wa waliofanya vizuri walikuwa wamewahi kushika kazi, ama kabla ya chuo ama wakiwa chuoni. Akajiuliza: kama kazi inawasaidia hawa kwa bahati, kwa nini tusiipange? Alihamia Chuo Kikuu cha Cincinnati, na mwaka 1906 akaanza na wanafunzi 27. Wiki moja darasani, wiki moja kiwandani. Basi. Hakukuwa na jengo jipya wala mashine mpya. Karakana yake ilikuwa mji mzima.

Hao walikuwa wa chuo kikuu. Wetu ni wa sekondari, na hapa ndipo nataka tukae kidogo, maana kuna mji mmoja mdogo naupenda kuliko nadharia zote nilizosoma. Unaitwa Fitchburg, katika jimbo la Massachusetts. Wenye viwanda wa mji huo walilisikia wazo la Schneider wakalipenda, na mwaka 1908 shule yao ya sekondari ikaanza. Mwaka wa kwanza mwanafunzi alibaki shuleni muda wote. Miaka mitatu iliyofuata alibadilisha, wiki shuleni, wiki kiwandani, na akiwa kiwandani analipwa.

Lakini sikilizeni walivyopanga. Vijana waliwekwa wawiliwawili. Huyu akiwa kwenye mashine, mwenzake yuko darasani. Wiki ikiisha wanapokezana. Na ikifika Jumamosi, yule aliyekuwa darasani anakwenda kiwandani kumwona mwenzake: kazi imefikia wapi, kifaa gani kinasumbua, fundi amesema nini. Jumatatu asubuhi anaanzia pale pale mwenzake alipoishia.

Mmeliona hilo? Mwenye kiwanda hana hasara, mashine yake haikulala hata siku moja. Na kijana anayeondoka analazimika kumweleza anayeingia. Walimu wenzangu, nyinyi mnajua: kitu hukijui mpaka umfundishe mtu mwingine. Kijana wa miaka 16 anasimama mbele ya mashine na kumwambia mwenzake, "Hapa ukikaza sana inakata, legeza kidogo." Mtihani gani unaweza kupima hilo? Wala hawakuhitaji kuitisha semina. Ilitosha kwamba mtu mmoja alikaa akafikiri mapema nani atamwachia nani kazi, na lini.

Mimi sikufikiri. Ndiyo maana nilipata mpiga nakala.

Sasa nigeukie waajiri. Ndugu zangu, nitasema jambo ambalo waratibu wenzangu hawapendi nilitamke hadharani: sitaki huruma yenu. Natoa shukrani, lakini huruma sitaki. Mwajiri anayempokea mwanafunzi kwa huruma atampokea mwaka huu. Mwaka ujao biashara ikibana, cha kwanza kukatwa ni huruma. Nataka mumpokee kwa sababu mmepiga hesabu mkaona inalipa.

Na inalipa? Tuziangalie nchi ambazo zimezoea mambo haya. Uswisi, kiasi cha theluthi mbili ya vijana huingia kwenye mafunzo ya ufundi na kazi, wengi wao kwa njia ya uanagenzi: siku kadhaa za wiki kazini, siku moja au mbili shuleni. Huko wametafiti gharama mara nyingi, na matokeo yamekuwa kwamba kampuni, kwa wastani, hurudisha gharama zake kabla mwanagenzi hajamaliza mafunzo, kwa sababu kazi anayoifanya ni kazi ya kweli. Ujerumani ni tofauti kidogo. Huko kampuni, kwa wastani, humaliza mafunzo ikiwa imetoa zaidi ya ilichopata, lakini hurudisha baadaye kwa kumbakiza kijana ambaye tayari anaijua kazi na anawajua watu. Njia mbili, hesabu moja: wote wameona faida. Ila angalieni, hakuna kati yao anayepata faida kwa kijana wa kutoa nakala. Faida inakuja pale kijana anapofundishwa haraka kufanya kitu chenye maana.

Kuna mfano mwingine uliowachanganya watu wengi, nami mmojawapo. Mwaka 1996 shule moja ya Wajesuiti, shirika la watawa wa Kikatoliki, ilifunguliwa Chicago, Cristo Rey, kwa watoto wa familia zisizo na uwezo wa kulipa ada. Wakaamua watoto wafanye kazi. Kila mwanafunzi anakwenda ofisini siku tano kwa mwezi. Wanafunzi wanne wanagawana nafasi moja ya ajira ya kudumu, na malipo ya nafasi hiyo yanakwenda shuleni kulipia masomo yao. Leo kuna zaidi ya shule 30 zinazofuata mtindo huo nchini Marekani. Niliposikia mara ya kwanza nilikunja uso. Mtoto anajilipia ada kwa jasho lake na pesa haipiti hata mkononi mwake? Bado sehemu hiyo inanikera. Lakini lipo la kujifunza: pale mwajiri analipa. Na mtu anayelipa hamweki kijana pembeni ya mashine ya nakala wiki sita. Anauliza, huyu anaweza nini? Asipoweza, anamfundisha.

Wazazi wangu, sasa niwageukie nyinyi, maana naona baba mmoja hapa mbele amekunja mikono tangu nianze. Najua swali lako, mzee wangu. "Mtoto akienda huko, mitihani je?"

Ni swali la haki. Nitalijibu kwa utafiti mmoja ninaouheshimu sana. Marekani kuna mtindo ulioanza Philadelphia mwaka 1969: ndani ya shule kubwa kunaundwa shule ndogo, wanafunzi wanakaa na walimu wale wale kwa miaka kadhaa, masomo yanafungamanishwa na eneo moja la kazi, labda afya, labda fedha, labda teknolojia, na waajiri wa jirani wanashirikishwa kuwapa vijana uzoefu. Shirika la utafiti la MDRC lilifuatilia shule tisa za aina hiyo. Waombaji walikuwa wengi kuliko nafasi, kwa hiyo ikapigwa kura ya bahati nasibu: huyu ameingia, huyu hakuingia. Hakuna aliyechaguliwa kwa akili wala kwa kujuana. Kisha wakawafuatilia wote, walioingia na waliokosa, kwa miaka mingi.

Matokeo? Alama za mitihani: hakuna tofauti. Idadi ya waliohitimu: hakuna tofauti. Hebu fikirieni mkutano kama huu ungesemaje siku matokeo hayo yalipotoka! "Tumepoteza muda." Lakini hawakuishia hapo. Ripoti ya mwaka 2008 iliwatazama vijana wale miaka minane baada ya muda wao wa kumaliza sekondari. Walioingia walikuwa wakipata kipato kikubwa kwa wastani wa asilimia 11 kila mwaka kuliko waliokosa.

Kwa hiyo, mzee wangu, jibu langu kwako ni mawili. Mitihani haikudhurika. Na kilichomsaidia kijana ni kitu ambacho mtihani haukukiona.

Niseme ukweli wote, kwa sababu utafiti si wimbo wa harusi wa kuimba beti tamu tu. Mpango ule ulikuwa na mambo mengi ndani yake, si nafasi za kazi peke yake, hivyo siwezi kuwaambia asilimia ngapi ilitokana na nini. Na faida ilijitokeza zaidi kwa wavulana. Kwa wasichana haikuonekana wazi. Hilo linanikosesha usingizi. Kila ninapogawa nafasi najiuliza: wasichana wangu ninawapeleka wapi? Mapokezi? Kwa nini mapokezi?

Kitu hicho ambacho mtihani haukioni ni kitu gani? Nilikiona kwa macho yangu kwa msichana mmoja niliyempeleka maabara ya hospitali. Wiki ya pili nilimtembelea. Simu ikalia, wakubwa wote wana glavu mkononi, akapokea yeye. Aliyepiga akauliza jambo zito. Msichana yule akajibu, taratibu kabisa: "Hilo silijui, lakini nitamuuliza anayelijua, nami nitakupigia kabla ya saa sita." Akaandika jina, akaandika namba, akaandika saa. Kabla ya saa sita akapiga.

Mimi nilikuwa mwalimu wake kwa miaka mitatu. Katika miaka hiyo mitatu sikuwahi kumfundisha kusema "sijui". Shuleni kwetu "sijui" ni kosa, ni alama ya mkasi. Kazini, "sijui, nitauliza" ni nusu ya kazi. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, nasi tunawaandikia watoto msemo huo ubaoni, halafu tunawaadhibu wakiutumia.

Vijana, nyinyi mnaocheka huko nyuma, nanyi nina lenu. Nilikuwa na mvulana aliyetaka uwakili tangu akiwa mdogo. Nyumbani walishamwita wakili. Nikampeleka ofisi ya mawakili. Mwezi mmoja baadaye akaja na uso wa msiba: "Mwalimu, sitaki tena." Kwa nini? "Wanasoma karatasi kutwa nzima. Mimi nilidhani watu wanabishana." Baba yake alikuja shuleni amekasirika kweli kweli, akaniambia nimemharibia mtoto ndoto. Nilimjibu kwa heshima: mzee, mwanao amegundua kwa mwezi mmoja, akiwa na miaka 17, jambo ambalo wengine hulijua baada ya kumaliza shahada, wakiwa na madeni na watoto. Hakunielewa siku ile. Kijana sasa anafanya upimaji wa ardhi, na huko nako karatasi zipo, lakini anasema karatasi zinazotokana na kutembea hazimchoshi.

Ukienda kazini ukagundua huitaki kazi ile, hujafeli. Andika kwenye daftari lako: nimejifunza kwamba hii si yangu, na sababu ni hizi. Bila sababu ni uvivu. Ukiwa na sababu, hayo ni maarifa.

Kuna jambo jingine siwezi kuliruka. Mtanisamehe, hapa sauti itapanda kidogo. Mipango hii ina historia ya aibu pia. Katika nchi nyingi imegeuzwa kuwa kichujio: mtoto wa mwenye nacho anaandaliwa kwa chuo kikuu, mtoto wa asiye nacho anapewa spana. Ubishi huo ni wa zamani. Mwaka 1915, huko Marekani, mwanafalsafa John Dewey alibishana hadharani na David Snedden, kamishna wa elimu wa Massachusetts. Snedden alitaka elimu ya kazi iliyotengwa, yenye kumwandaa kila mmoja kwa nafasi yake. Dewey akakataa: hakutaka elimu ya kumchonga mtoto akae vizuri kwenye tundu ambalo wenye viwanda wameshalitoboa. Alitaka kazi itumike kumfungua mtoto akili, ili baadaye aweze hata kuibadilisha hiyo kazi.

Mimi niko na Dewey. Lakini sitaki kuwa na Dewey kwa maneno tu. Swali la kupima ni moja: njia ina mlango wa kutokea? Uswisi walianzisha, katika miaka ya 1990, cheti ambacho kijana wa uanagenzi akikipata anaweza kuingia vyuo vikuu vya sayansi tumizi. Fundi anaweza kuwa mhandisi. Ontario, Kanada, mafunzo kazini yanahesabiwa kama krediti za kuhitimu sekondari, saa 110 kwa krediti moja, na sehemu ya krediti hizo inaweza kuhesabiwa upande wa masomo ya lazima. Kwa hiyo mwanafunzi anayelenga chuo kikuu na anayelenga karakana wote wanapita hapo, bila yeyote kuonekana ameshushwa cheo. Wazazi, mkimwuliza mratibu yeyote swali moja tu, mwulizeni hilo: mwanangu akitaka kurudi kwenye masomo ya juu, mlango uko wapi? Akikuonyesha ukuta, mchukue mwanao mwende.

Sasa usalama. Nitakuwa mfupi, kwa sababu hapa hakuna mjadala.

Mkataba namba 138 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1973, unaweka umri wa chini wa kuajiriwa, na kwa kazi za hatari unasema miaka 18. Lakini una ibara, ya sita, inayoruhusu kazi kwa vijana kuanzia miaka 14 mahali pa kazi, ikiwa kazi hiyo inafuata masharti ya mamlaka husika na ni sehemu kamili ya kozi ya elimu au mafunzo, au mpango wa kumwongoza kijana achague kazi. Soma tena ibara hiyo taratibu. Kinachomtenganisha mwanafunzi wako na mtoto anayetumikishwa si sare, si barua ya utambulisho, si tabasamu la meneja. Ni kama kazi ile ni sehemu ya masomo au si sehemu ya masomo. Yule kijana wangu wa nakala, kwa kipimo hicho, alikuwa upande gani? Sipendi kulijibu, lakini naliuliza kila mwaka.

Msichana mwingine alinipigia jioni moja. Alikuwa karakana ya mbao. Siku hiyo fundi mmoja mwenye haraka alimwambia apitishe ubao kwenye msumeno wa mashine. Akamjibu, "Samahani fundi, hiyo haipo kwenye mpango wangu." Fundi akanung'unika, akapitisha mwenyewe. Msichana akanipigia akiwa na hofu kwamba amekosa adabu. Nilimwambia hakukosa. Kabla sijampeleka, tulikuwa tumefanya mazoezi darasani, mimi nikiigiza fundi mwenye haraka na yeye akikataa kwa heshima. Alikataa mara ya kwanza kwa sauti ya kunong'ona. Mara ya tano kwa sauti ya kawaida. Mtoto tuliyemlea kutii wakubwa hawezi kukataa msumeno kwa mara ya kwanza mbele ya msumeno wenyewe. Lazima awe amelijaribu neno hilo mahali pasipo na meno.

Basi niwaambie tunavyofanya siku hizi, baada ya aibu yangu. Kabla ya siku ya kwanza tunakaa watatu: mwajiri, mwanafunzi na mimi. Tunaandika mpango. Hatuandiki "atajifunza mambo ya ofisi". Tunaandika: ikifika wiki ya tatu, ataweza kufanya kitu fulani bila kusimamiwa. Tunaandika asiyoruhusiwa kugusa. Na tunaandika nani atamfundisha. Jina la mtu, si jina la idara. Idara haijawahi kumfundisha mtoto kitu.

Kisha ninatembelea. Sipigi simu kuuliza "anaendeleaje", kwa sababu jibu la simu ni moja dunia nzima: "anaendelea vizuri". Nakwenda, nasimama, natazama mikono yake inafanya nini. Na kila Ijumaa mchana vijana wote wanarudi darasani. Wanakaa duara. Kila mmoja anasimulia jambo moja lililomshangaza wiki hiyo, na wenzake wanamhoji. Hapo ndipo somo linapozaliwa. Mwanzoni nilidhani saa hiyo ni ya mapumziko. Sasa nikilazimika kupunguza kitu chochote kwenye ratiba, nitapunguza siku ya kazi kabla sijagusa Ijumaa.

Ijumaa moja mvulana wa gereji alilalamika kwamba wiki nzima amefagia. Kabla sijafungua mdomo kumtetea, msichana wa maabara akamwuliza, "Umefagia nini?" Akasema vipande vya chuma, skrubu, mabaki ya mikanda. "Mikanda imekatika au imelika?" Hakujua. Jumatatu yake alifagia akiangalia. Ijumaa iliyofuata alikuja na mfuko wa mabaki, akayapanga mezani, akatueleza kila kipande kilitoka kwenye gari lenye ugonjwa gani, kwa sababu kila alipookota alimwuliza fundi. Wahenga wetu walisema elimu bila amali ni kama nta bila asali. Kijana yule alinifunza upande wa pili: ufagio ni ule ule, lakini wiki ya kwanza alikuwa na amali tupu.

Waajiri, najua mna shughuli. Naona saa zinatazamwa. Fomu ziko kwenye meza ile karibu na mlango. Ukurasa wa kwanza ni wa kawaida: jina la kampuni, anwani, muhuri. Ukurasa wa pili una mstari mmoja tu mtupu: jina la atakayemfundisha. Msimwandike mkurugenzi, hana muda, tunajua sote. Mwandikeni yule mtu ambaye wenzake wakikwama humfuata, na kabla hamjaliandika jina lake, mwulizeni kama anataka. Fomu ambayo mstari huo uko wazi nitairudisha, hata ikiwa na mihuri mitatu.

Vijana, anayetaka nafasi ya muhula ujao anione Ijumaa mchana. Njooni mkae kwenye duara kwanza, msikilize wenzenu, halafu tuzungumze.

Asanteni. Mzee uliyekunja mikono, naona umeinyoosha. Nadhani swali la kwanza ni lako.